Naomba ushauri: nitapimaje mabadiliko ya kipato cha mtu mmoja mmoja?

Mtafiti Mchanga: Wakuu, salaam. Nina takwimu za tafiti mbili za kipato zilizopishana miaka 10. Fungu la kipato chote linaloangukia asilimia 20 ya watu wenye kipato cha chini kabisa limepungua. Nataka kuandika kwamba maskini wamezidi kuwa maskini. Niko sahihi?

Karani wa Hesabu: Bado, mkuu. Waliohojiwa mara ya pili ni wale wale wa mara ya kwanza? Chukua watu watano wenye kipato cha 100, 200, 300, 400 na 500. Baada ya miaka 10 yule wa 500 amestaafu na kutoka kwenye hesabu, wanne waliobaki kila mmoja kapanda kwa 100, na kijana aliyeanza kazi kaingia na 100. Jedwali lako litasoma vile vile kama zamani, ilhali watu wanne wamepanda!

Mtafiti Mchanga: Duh. Si wale wale. Ila naweza kupata takwimu nyingine zinazofuatilia watu hao hao kila mwaka.

Bi Sampuli: Hizo ndizo. Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kazi hiyo 1968 na familia zipatazo 5,000, na watoto wakiondoka kuanzisha familia zao wanafuatwa huko huko. Lakini angalia sana hapa: ukiwachagua waliokuwa chini kwa mwaka mmoja tu, wengi watapanda hata kama uchumi umesimama. Humo yumo aliyeugua, aliyekosa kazi miezi sita, mfanyabiashara aliyekula hasara mwaka ule. Mwaka unaofuata anarudi kwenye hali yake ya kawaida, nawe unaandika kwamba kajikwamua. Wapange kwa wastani wa kipato chao cha miaka mitatu hadi mitano. Na kabla ya yote, ondoa mfumuko wa bei.

Karani wa Hesabu: Naongezea umri. Mtu wa miaka 25 akifika 35 kwa kawaida kipato chake hukua, kwa hiyo mlinganishe na rika lake. Kagua pia waliopotea katikati ya utafiti; mara nyingi hawafanani na waliobaki.

Mtafiti Mchanga: Asanteni mno. Na kipato cha kaya ya watu wanne nigawe kwa nne?

Bi Sampuli: Wengi hugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kaya ya watu wanne yenye 400 inahesabiwa 200 kwa kila mmoja, maana paa na jiko wanatumia pamoja. Ila kama unapima mshahara wa mtu binafsi, uache ulivyo.