TV ya Bibi: gumzo la Ukoo wa Ngamiani

Jumapili, 1 Juni 2014

20:14 Zuhura: Asalaam aleykum ukoo. TV ya Bibi imefika Tanga salama, Saidi kaishusha jioni hii. Inchi 51. Nawashukuru waliochanga. Wasiochanga wanajijua.

20:15 Zuhura: Naomba tusikilizane kabla haijaharibika. Hii ni PLASMA. Ina masharti yake. Hamidu ataeleza.

20:15 Zuhura: Hamidu

20:21 Zuhura: Hamidu uko?

20:22 Ba'mdogo Athumani: Hongereni. Brazil na Croatia Alhamisi ya tarehe 12, saa tano usiku. Nakuja na godoro langu kabisa.

20:40 Zuhura: Shkamoo ba'mdogo. Ndiyo maana nasema, tuna siku 11 tu za kuilainisha kabla ya Kombe la Dunia.

20:41 Ba'mdogo Athumani: Kuilainisha? Kwani unga wa chapati?

20:41 Saidi: 😂😂

20:43 Ba'mdogo Athumani: Ikilala ifunikwe na kitambaa

21:58 Hamidu Muscat: Samahani, nilikuwa kazini. Ni hivi. Kwenye plasma kila nukta ya kioo inawaka yenyewe, haina taa nyuma. Ndani kuna vijumba vidogo vya gesi, neoni na zenoni. Gesi ikipigwa umeme inauwasha unga wa rangi uliopakwa ndani, unaitwa fosfa. Unga huo ukiwa mpya unachoka haraka, hasa saa 100 mpaka 200 za mwanzo. Sasa picha ikiganda mahali pamoja, mfano nembo ya chaneli pale pembeni, unga wa pale unachoka tofauti na wa jirani. Nembo inabaki hata ukihama chaneli.

21:59 Zuhura: Mmesoma? INABAKI.

22:03 Hamidu Muscat: Kwa hiyo kwa sasa kontrasti iwe nusu. Itoeni kwenye ile modi ya dukani inayoumiza macho. Chaneli zenye mistari myeusi kushoto na kulia, zikuzeni mpaka picha ijae kioo. Kwenye menyu kuna pikseli shifti, washeni, inaisogeza picha kidogo kidogo bila nyie kuona. Za sasa ni afadhali kuliko za mwaka 2004, ila mwanzo ni mwanzo.

22:04 Zuhura: Saa 100 kwa siku 11 ni saa tisa kila siku. Zamu: asubuhi Mama Rama. Mchana Rama akitoka shule, na ile plestesheni ISIGUSWE, ubao wa magoli unakaa kona moja masaa yote. Usiku ba'mdogo, kwa vile ana nafasi.

22:06 Ba'mdogo Athumani: Nani kasema nina nafasi

22:30 Mama Rama: Na luku?

22:34 Hamidu Muscat: Inakula kama wati 200, picha ikiwa nyeupe sana inapanda. Saa 100 piga yuniti 20 hivi.

22:36 Mama Rama: Yuniti 20 juu ya friji na pasi. Tukivuka 75 kwa mwezi bei inaruka, hilo mnalijua. Nani ananunua?

22:51 Zuhura: Hilo tutaongea.

Jumanne, 3 Juni

12:10 Mama Rama: Ile flashi aliyotuma Hamidu tumeiweka. Kioo kinakuwa chekundu chote, halafu kijani, halafu bluu, halafu nyeupe. Tangu saa mbili asubuhi. Bibi anauliza hiyo bendera ya nchi gani.

12:12 Saidi: 😂😂😂 Bibi!

12:15 Mama Rama: Jirani naye kaja kuuliza kama tuna harusi, kaona taa zinabadilika dirishani.

12:16 Ba'mdogo Athumani: Mwambie tunalainisha

13:40 Zuhura: Tusicheke. Zinasaidia fosfa ichakae sawasawa. Hamidu thibitisha.

19:25 Hamidu Muscat: Zinasaidia ila si lazima. Hata vipindi vya kawaida vinatosha, mradi picha inatembea na imejaa kioo. Bibi asiteseke na rangi.

19:26 Zuhura: Hamidu usiwalegeze.

19:31 Saidi: Kaka, na hizi plasma mbona dukani sizioni siku hizi? Zote naona LED.

19:50 Hamidu Muscat: Zinaondoka. Panasonic walishaacha kuzitengeneza tangu mwaka jana. Ndiyo maana bei ilikuwa nzuri. Ila kwa mpira hakuna inayoifikia, mpira haufanyi ukungu ukipigwa, na weusi wake ni weusi kweli.

19:52 Ba'mdogo Athumani: Aaa kumbe tumechangishwa kwa kitu kinachokwisha

19:53 Zuhura: Ba'mdogo wewe hukuchanga.

19:53 Ba'mdogo Athumani: Msinianzishie mambo ya jenereta

Ijumaa, 6 Juni

21:17 Rama: *[Picha]*

21:17 Rama: Ma'mdogo shkamoo. Nimezima dishi, kioo kimebaki cheusi, chini kuna maandishi yanaonekana kwa mbali. Na juu kona.

21:18 Saidi: Jini hilo

21:18 Ba'mdogo Athumani: Ukoo wa Tanga mnanunua TV bila kufukiza ubani mnategemea nini

21:20 Zuhura: HAYA NDIYO NILIYOSEMA. Maandishi gani hayo? Nani aliacha chaneli moja?

21:24 Rama: Ya Kiarabu

21:24 Zuhura: Rama.

21:25 Rama: Ni chaneli ya Makka. Bibi anaiangalia tangu alfajiri mpaka anapolala. Mama alisema nisiseme.

21:26 Mama Rama: Rama njoo huku.

21:39 Hamidu Muscat: Msitishike. Hicho ni kivuli, hakijawa alama ya kudumu. Wekeni picha zinazotembea zijae kioo, kitafifia usiku huu huu au kesho. Ila ile chaneli kamba ya maandishi chini haiondoki, na nembo haiondoki, saa 24. Ikiendelea hivyo wiki kwa wiki, kitakuwa kidonda.

21:41 Zuhura: Mama Rama nilikupa zamu ya asubuhi. Kazi ilikuwa kubonyeza rimoti tu.

21:47 Mama Rama: Njoo ubonyeze wewe. Bibi yuko na tasbihi yake anatazama watu wanatufu, mimi niende mbele yake nibadilishe niweke katuni? Wewe uko Dar unatuma herufi kubwa.

21:48 Saidi: 🙈

21:50 Zuhura: Sijasema katuni. Nasema kwa zamu. Saa moja Makka, saa moja kitu kingine. Rama mweleze Bibi kwa upole.

22:12 Rama: Nimemweleza. Kasema nimwandikie maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze.

22:16 Rama: "Wajukuu zangu, asanteni kwa televisheni, Mungu awalipe. Mimi miguu hainipeleki tena. Makka nilikwenda na babu yenu mara moja tu, na wengi wenu hamjazaliwa. Leo naiona Kaaba nimekaa kitandani kwangu, mnaniambia nizime kioo kisichoke. Mimi mwenyewe nimechoka, nani kanizima? Maandishi ya Makka yakibaki kwenye kioo changu, yabaki. Na Ramadhani ndiyo hiyo inaingia."

22:58 Ba'mdogo Athumani: Dah

Jumamosi, 7 Juni

06:35 Ba'mkubwa Salehe: Asalaam aleykum. Nimesoma yote. Mama ameshasema.

06:36 Ba'mkubwa Salehe: Tatu, ile TV ya zamani ya chogo uliyo nayo irudi kwa Mama.

08:02 Zuhura: Shkamoo ba'mkubwa. Tumekuelewa. Na wazo lako ni zuri sana, chogo ikirudi Bibi ataangalia Makka chumbani kwake, plasma ikae sebuleni. Shangazi Tatu?

10:15 Zuhura: Shangazi Tatu

14:20 Zuhura: Shangazi nakuona uko hewani

Jumapili, 8 Juni

18:44 Shangazi Tatu Korogwe: Waaleykum salaam. Mtandao huku unasumbua. Hiyo chogo nilipewa siku ya arobaini ya kaka. Sikuichukua gizani.

18:46 Zuhura: Shangazi hakuna aliyesema umeichukua gizani.

18:49 Shangazi Tatu Korogwe: Mlisema. Mwaka ule ule, mbele ya wageni, na sufuria mikononi. Mimi sisahau.

18:50 Ba'mdogo Athumani: Sufuria lile la pilau?

18:50 Saidi: Ba'mdogo tafadhali 😂

18:55 Mama Rama: Shangazi yameshapita. Tunaiomba kwa ajili ya Bibi.

19:10 Shangazi Tatu Korogwe: Kwa ajili ya Mama naitoa leo hii. Lakini aje mtu aichukue, mimi siitumi kwa basi. Na inawaka kwa kujivuta, sauti inatangulia, picha inakuja baadaye.

19:12 Saidi: Jumatano nikipata mzigo wa Mombo nitapita Korogwe. Nikipata.

19:13 Zuhura: Usiseme nikipata. Sema unapita.

19:30 Saidi: Mafuta?

20:05 Hamidu Muscat: Na chogo nayo huwa inapata alama, ujue. Ila ile imeshazeeka, haina cha kupoteza. Kitu kingine, plasma ikihamishwa tena ibebwe imesimama. Isilazwe.

20:11 Mama Rama: Kuna aliyemwuliza Bibi kama anaitaka hiyo chogo? Kioo cha plasma kipana, anaona mpaka nyuso za watu. Macho yake mnayajua.

21:30 Zuhura: Tutamweleza ikishafika.

21:31 Mama Rama: Mtamweleza nyie.

Jumatatu, 9 Juni

07:50 Zuhura: Habari za asubuhi ukoo. Kivuli kikoje?

08:25 Rama: Cha juu kimeondoka. Cha chini kinaonekana kidogo ukizima taa. Nimewasha pikseli shifti na kontrasti nimeshusha zaidi, Bibi hajagundua.

08:27 Hamidu Muscat: Safi sana Rama. Akilala usiku weka picha zinazotembea saa moja mbili, halafu ndiyo uzime.

08:31 Ba'mdogo Athumani: Na mimi Alhamisi saa tano atakuwa kalala? Nataka nijue godoro niliweke upande gani

09:14 Zuhura: Shangazi, hiyo chogo nyuma ina zile tundu tatu, njano nyekundu nyeupe? Za kuunga risiva ya dishi.

16:52 Shangazi Tatu Korogwe: Ina tundu moja. La antena.

17:20 Hamidu Muscat: Basi risiva ya dishi lazima iwe na tundu la antena la kutokea. La sivyo itafutwe modyuleta, kile kiboksi kidogo cha kupitishia picha kwenye tundu la antena. Mama Rama angalia nyuma ya risiva.

17:48 Mama Rama: Vumbi tupu, sioni maandishi. Rama ataangalia kesho.

17:49 Zuhura: Kesho saa ngapi?