Siku ya pili ya Diwali Wahindi wanapanga mlima wa chakula hekaluni, maana yake nini hasa?

Kijana_Kisutu

Habari zenu wakuu. Huu mwaka wa sita nafanya kazi duka la vyombo hapa Dar karibu na Kisutu, bosi wangu Mhindu, mzee mtu poa sana. Sasa mwaka jana ndo mara ya kwanza mama mwenye duka akaniambia na wewe njoo hekaluni, ilikua baada ya Diwali kupita. Nikavua viatu nikaingia, aisee sikutegemea nilichokiona. Mbele ya sanamu wamepanga ngazi toka chini mpaka juu na kila ngazi imejaa sahani, ladu, jalebi, barfi, bajia, chevda, mboga za kila aina, matunda, na pale katikati wali umerundikwa ukawa kama kichuguu kabisa. Watu wakaimba kama nusu saa hivi afu pazia likafunguliwa, wengine machozi yanawatoka. Baadae kila mtu akapewa sahani yake. Nikamuuliza bosi hii ni nini akasema Annakut, nikauliza maana yake akasema habari ndefu, wateja wakaingia ikaishia hapo.

Kingine, dukani juu ya droo ya pesa kuna picha ya mungu wao mweusi, macho yanaangalia chini, mkono wa kushoto kaunyanyua juu. Miaka yote hii najua anapunga mkono. Siku ile hekaluni mama alinionyesha ule mlima wa wali afu akanyanyua mkono wake hivohivo kama kwenye picha, ila kulikua na kelele sikusikia alichosema. Vina uhusiano? Na kuna vidio nimeona ya India watu uani wanafinyanga kitu kwa mavi ya ng'ombe siku hiyohiyo. Naomba mwenye kujua anieleweshe, kwa heshima tafadhali, hawa watu naishi nao vizuri.

Juma_wa_Ilala

Hiyo si ndo Diwali yenyewe kaka, sikukuu ya taa, wanafunga mwaka wa mahesabu wanafungua daftari jipya. Chakula ni kusherehekea tu.

MamaTulsi_Mombasa

Juma mwanangu umegusa kidogo lakini hizo ni siku mbili. Diwali ni usiku wa mwezi kutoonekana, Annakut inafuata mwezi mpya ukianza, na kwetu Wagujarati ndo siku ya mwaka mpya, tunaamkiana "Saal Mubarak", hiyo mubarak nyote mnaijua. Kawaida ni kesho yake Diwali ila hesabu ya mwezi inaweza kuruka siku, mwaka 2022 jua lilipatwa tarehe 25 Oktoba, Diwali ilikua tarehe 24, Annakut tukasogea mpaka 26.

Sasa Kijana wa Kisutu, asante kwa kuuliza kwa adabu. Mimi nimezaliwa Mombasa, wazee wetu walitoka Gujarat kwa jahazi, na nyumbani kwetu ni Wavaishnava, yaani tunamwabudu Vishnu, na sisi hasa kwa sura ya Krishna akiwa mtoto. Huyo wa kwenye picha ya dukani ndo yeye, tunamwita Shrinathji. Ule mkono amebeba mlima.

Habari yenyewe iko kwenye kitabu cha Bhagavata Purana. Krishna alikua na miaka saba, analelewa na wafugaji, baba mlezi wake Nanda ndo mkubwa wao. Kila mwaka wanatengeneza sadaka kubwa ya Indra, mungu wa mvua. Mtoto akaona pilikapilika za mapishi akauliza, baba hii ya nani na kwa nini? Nanda akasema Indra ndo analeta mvua, ndo desturi yetu tangu mababu, hatuwezi kuiacha. Mtoto akamwambia baba sisi hatuna miji wala mashamba, sisi watu wa ng'ombe, tunakaa msituni na mlimani, majani wanayokula ng'ombe wetu yako kwenye huu mlima Govardhan hapa tunapouona, basi vyakula hivi hivi mlivyokwisha kupika tuupe mlima, tuwape ng'ombe majani, tuwape makuhani na kila mtu, mpaka mbwa nao wapate. Mpaka mbwa! Mimi hapo kila nikisoma nasimama kidogo. Wakakubali, na Krishna akachukua umbo kubwa akasema mimi ndo mlima, akala vyote.

Indra akakasirika, akafungulia mawingu ya kumaliza dunia, mvua, upepo, mawe ya barafu, ng'ombe wanatetemeka na ndama wao wamewaficha chini ya matumbo yao. Krishna akaunyanyua mlima mzima kwa mkono mmoja kama mtoto anavyong'oa uyoga, akawaambia ingieni chini na mifugo yenu na mikokoteni yenu, akasimama siku saba hakusogeza mguu. Indra akachoka mwenyewe, akashuka kuomba radhi, na ng'ombe Surabhi akamwosha Krishna kwa maziwa akampa jina la Govinda. Anna ni chakula, kuta ni lundo au kilele, Govardhan ni kustawisha ng'ombe. Ndo ule wali wenu wa kichuguu, huo ndo mlima.

Bibi yangu akitusimulia alikua anakazia hapo pa Nanda. Alisema watu wale walikua wanatoa kwa sababu ya desturi na woga, yule mtoto akawageuza shingo waangalie kinachowalisha kila siku, jani, ng'ombe, jiwe. Basi na mimi nikipanga zile sahani namkumbuka hadi mwenye shamba aliyelima hizo biringanya.

Mavi ya ng'ombe, ndiyo, ni mlima huohuo. Kaskazini ya India wanaufinyanga uani, wanachomeka vijiti na majani kama miti, maua, na ving'ombe vidogo pembeni, afu wanauzunguka. Msishangae, hata huku kwetu kuna nyumba zinakandikwa kwa hayohayo na ni safi. Sisi wa magorofani tunafanya wa wali tu.

Msafiri_Agra

Mama umeeleza vizuri mno. Mi nilisoma India, chuo kilikua upande wa Agra, na huo mlima upo kweli, uko wilaya ya Mathura. Rafiki yangu wa bweni akanipeleka tukauzunguke. Kwa alivyonisimulia nilitegemea kama Meru hivi, kumbe ni mgongo mrefu wa mawe kama kilomita 8, mfupi, sehemu ya juu kabisa haizidi sana mita 30, kuna sehemu unaupita pembeni hata hujui kama ni mlima. Wanasema zamani ulikua mkubwa ila mzee mmoja mtakatifu, Pulastya, aliulaani, kila siku unapungua kiasi cha punje ya haradali.

Kuuzunguka ni kama kilomita 21, tulianza usiku pale Daan Ghati kwa sababu mchana jua kali, peku. Afu kuna watu hawatembei, wanalala kifudifudi, mikono mbele, wanaweka kijiwe pale vidole vilipofika, wanasimama kwenye kijiwe, wanalala tena, hivo mpaka mzunguko uishe. Nilimpita mama mmoja mtu mzima kifua na magoti vumbi tupu, nikataka kumpa maji rafiki yangu akasema mwache amalize kulala chini kwanza. Kuna na wenye vijiwe 108, wanalala mara 108 sehemu moja ndo wasogee urefu wa mwili mmoja, hao wanachukua miezi.

Na wengi hawapandi juu. Wafuasi wa Chaitanya, mtakatifu wa zamani wa Bengal, hasa hawakanyagi kabisa, kwao yale mawe ndo mwili wa Krishna.

Kijana_Kisutu

Shikamoo mama. Yaani nimesoma mara mbili, leo ile picha nimeiangalia tofauti kabisa. Swali, bosi alisema vyakula lazima viwe 56, mbona pale vilikua vingi zaidi? Na mwaka huu nataka na mimi nipeleke kitu, inaruhusiwa?

MamaTulsi_Mombasa

Marahaba mwanangu. Hiyo 56 wazee wanaihesabu hivi, Krishna alikua analishwa mara nane kwa siku, alivyobeba mlima siku saba hakula, saba mara nane ndo 56, wakamlipa mara moja. Zaidi ya hapo ni mapenzi tu, hekalu la dhehebu la Swaminarayan la Neasden London mwaka 2000 waliweka vyakula 1,247.

Shrinathji mwenyewe sanamu yake ilikua palepale Govardhan, wakati wa mfalme Aurangzeb, aliyekua anabomoa mahekalu, wakaihamisha, tangu 1672 iko Nathdwara, Rajasthan. Kule usiku wa Annakut wali unarundikwa ndani ya hekalu na Wabhili, watu wa vijiji vya milimani, wanaingia kwa kasi wanauchota kwenye nguo zao wanaondoka nao nyumbani, ni haki yao ya zamani, hakuna wa kuwazuia.

Kupeleka inaruhusiwa, ila muulize mama mwenye duka kwanza. Peleka matunda ndo rahisi, ndizi au mapapai mazima yasiyo na doa. Ukitaka kupika, hakuna nyama, samaki wala yai, na kwetu hakuna kitunguu wala saumu. Na usionje! Hata chumvi usionje, hata harufu tusiinuse makusudi, anaonja Krishna kwanza, ikirudi ndo inaitwa prasadi na hapo tunagawana wote. Wahi kabla pazia halijafunguliwa, umkabidhi mama mkononi, yeye atajua ngazi ya kuweka.