Ordinatere ya Papa: nimupatie mutoto wa parsele?

Yaya Béatrice: Jambo yenu wote. Tuko tunapanga chumba cha Papa hapa Katuba. Ile ordinatere yake, Macintosh Classic, ile ndogo yenye mkono juu, mutoto mumoja wa parsele anaiomba. Nimupatie?

Ngoie: Yaya, usimupatie bado! Na tafazali musiichomeke kwenye umeme.

Yaya Béatrice: Kwa nini? Ilikuwa inatembea vizuri.

Ngoie: Ndani kuna kabetri ka volti 3.6, kafupi kuliko ya saa ya ukutani. Kakizeeka kanavuja, asidi inakula kadi yote kubwa ya ndani. Moja niliyofungua hapa atelie, kutu ilikuwa imefika mpaka kwenye prosesa. Ile haiponi tena.

Tonton Ilunga: Lakini mwanangu, mashine ya 1990 ni ya nini? Hii simu yangu inaishinda.

Ngoie: Kwa mbio inaishinda mbali, Tonton. Hata ilipotoka ilikuwa nyuma. Apple waliiuza dola 999 kule Marekani, na ndani wakaweka Motorola 68000, prosesa ileile ya Macintosh ya 1984. Skrini inchi 9, nyeusi na nyeupe tu. Memori haipiti megabaiti 4. Lakini angalia hii: mfumo mzima uko ndani ya ROM, memori ya kudumu isiyofutika. Diski ngumu ikikufa, unashika vitufe vya Command, Option, X na O wakati wa kuwasha, inaamuka bila diski yoyote. Hilo ninaliheshimu sana. Na barua zote za parokia Papa aliziandikia pale.

Yaya Béatrice: Kuna na boksi ya disketi. Moja Papa ameandika juu "Majina ya ukoo".

Tonton Ilunga: Eee! Ile kazi aliifanya na wazee wa Kasenga. Wengi hawako tena.

Ngoie: Yaya, tazama pembe zake. Zenye tundu pande mbili ni za megabaiti 1.44, zile hata kisomaji cha USB kinazisoma. Zenye tundu upande mumoja ni za kilobaiti 800. Macintosh inazizungusha kwa mwendo unaobadilika, kisomaji cha USB hakiwezi.

Yaya Béatrice: Tundu moja.

Ngoie: Basi ile mashine ndiyo itatusomea. Niko nakuja Siku ya Posho na turnevisi ndefu ya T15, ile ya skrubu za nyota. Musifungue wenyewe, tyubu ya skrini inashika umeme mukali hata kama haijachomekwa. Nitatoa betri, nibadilishe kondansatere, vile vipande vidogo vya kwenye kadi vinavyotunza umeme, nazo zinavuja. Kisha tunakopi majina kwenye disketi ya 1.44, na kompyuta yangu ya Linux itasoma.

Tonton Ilunga: Isitoke kwa parsele. Yule mutoto aje aone unavyofungua, kama anapenda mashine.

Yaya Béatrice: Nimeiweka kwenye kabati, na disketi mbali na redio, spika yake iko na sumaku. Ngoie, leta na stabilizatere, umeme wa huku unapanda unashuka.