Uzamili wa dansi nikiwa bado nafundisha: naombeni ushauri

MwalimuWaKayole
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi hapa Nairobi, nimeajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, nafundisha Sanaa Bunifu na Michezo. Nimepata nafasi ya kusomea uzamili wa ufundishaji wa dansi Chuo Kikuu cha Northern Colorado, Marekani. Kozi yenyewe ni ya walimu walio kazini: sehemu kubwa unasoma mtandaoni, halafu kiangazi unaenda chuoni kwao, mji wa Greeley. Sitaki kuacha kazi, ndiyo maana nikaipenda. Lakini sasa silali. Shahada ya dansi ina kazi gani hapa kwetu? Waliosoma huku wakifundisha, nisaidieni. Na tafadhali msinicheke.

Babu wa Umoja
Hongera mwanangu. Sisi dansi tuliisomea klabu ya usiku ya Starlight, na matokeo tuliyapata asubuhi mlangoni kwa mke.

Otis_K
Kama unafuata mshahara, kaa chini kwanza. TSC haikupandishi daraja kwa sababu umeleta karatasi ya uzamili. Niko na yangu ya Hisabati, mwaka wa ngapi huu sijui, na pesilipu ni ileile, imepungua tu kwa makato ya SHA, bima ya afya, na ya ushuru wa nyumba. Mimi ningenunua ploti Joska, huko nje ya Nairobi.

Mkufunzi Mstaafu
Otis, hakuuliza habari za ploti. Mwalimu, anayekwambia dansi si somo la chuo hajui historia. Dansi iliingia chuo kikuu Marekani kwa mkono wa mwalimu kama wewe. Margaret H'Doubler alikuwa akifundisha mazoezi ya viungo na mpira wa kikapu kwa wasichana pale Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mkuu wake akamtuma New York atafute dansi inayofaa kufundishwa, na mwaka wa 1926 chuo hicho kikaanzisha shahada ya dansi, ya kwanza nchini mwao. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Kenyatta, KU, wana Idara ya Muziki na Dansi, iko papo hapo Thika Road. Umeuliza pale kabla ya kupanda ndege? Walimu wengi wamesomea KU wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba.

MwalimuWaKayole
Asante sana mwalimu wangu. KU naiheshimu, na huenda ningeishia huko. Lakini ninachotafuta ni mbinu za kufundisha dansi kwa watoto darasani, na hii kozi ndiyo niliyoona inalenga hapo moja kwa moja.

Shemeji wa Shinyalu
Mimi nimelia kidogo kusoma hapa. Babu yangu alikuwa mpigaji isukuti, dansi ya ngoma ya kwetu Kakamega. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na ile ndogo ukiipiga vibaya wazee wanasimama na kukuangalia mpaka uiachilie. UNESCO waliiandikisha mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, nasi tukafurahi, tukaendelea kuwaambia watoto wasome udaktari. Dada, kuna kozi nyingine inaitwa Choreomundus, ni ya vyuo vya Ulaya: Trondheim (Norwe), Clermont (Ufaransa), Szeged (Hungaria) na Roehampton kule London. Miaka miwili, na inahusu hasa dansi kama urithi wa jamii. Wana ufadhili kwa wachache. Shida yake ni moja, utaacha kazi.

Mama Tabby
Nimesoma mara mbili na kuna kitu hakikai. Kiangazi cha Marekani ni Juni na Julai. Huku muhula wa pili bado unaendelea, mko katikati ya tathmini. TSC wamekupa likizo ya masomo?

MwalimuWaKayole
Hilo limeshapangwa, Mama Tabby. Swali langu lilikuwa faida ya shahada.

Mama Tabby
Limepangwa na nani?

Otis_K
Eeh, hapo sasa.

MwalimuWaKayole
Sawa, niseme. Mwalimu mkuu amekubali kwa mdomo. Kuna mwalimu mwanagenzi atanishikia vipindi, nami nitamlipa kutoka mfukoni mwangu. TSC sijaandikia. Nikiomba likizo rasmi nitazungushwa mpaka nafasi ipite, na malipo ya kwanza nimeshatuma kwa mkopo wa Sacco. Watoto hawatakosa somo hata siku moja, kwa hivyo sioni nani anaumia. Wangapi huwa wanaondoka kwa harusi, kwa matanga, kwa kampeni, na vipindi vinashikwa?

Mama Tabby
Dadangu, matanga ni siku tatu. Hii ni wewe kuwa bara lingine huku mshahara unaingia. Nimekaa afisi za elimu kwa miaka, hili nimeliona likiisha vibaya. Akija mkaguzi, au mwalimu mkuu akihamishwa, neno lake la mdomo linahama naye. Utaandikiwa kutoroka kazi, na huyo mwanagenzi ataulizwa alikuwa anafanya nini darasani kwako. Omba likizo bila malipo, kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wa shule. Isipojibiwa kwa wakati, hukwenda, lakini bado wewe ni mwalimu.

Shangazi Rehema
Na mzee nyumbani anasemaje kuhusu huo mkopo? Mwanamke hujenga nyumba yake kwa mikono yake. Mimi ningeanza hapo.

MwalimuWaKayole
Shangazi, shikamoo. Kwa heshima zote, sikuleta ndoa yangu hapa.

Shangazi Rehema
Marahaba. Basi hajui.

Karani_254
Nyinyi mnapoteza bando. Hii hadithi imetungwa. Mwalimu wa sekondari msingi atoe wapi karo ya Marekani? Sheria inataka ubaki na angalau theluthi ya mshahara baada ya makato, Sacco gani ingempa hizo hela? Na viza je? Kesho ataleta nambari ya M-Pesa tumchangie. Kama kweli wewe ni mwalimu, Gredi ya 7 ina vipindi vingapi vya somo lako kwa wiki?

MwalimuWaKayole
Vitano. Na simwombi mtu pesa.

Karani, mimi nilisomea Kiswahili na Dini. Nilipewa Sanaa Bunifu kwa sababu nilionekana nikicheza siku ya wazazi. Darasa langu lina watoto waliobanana, tunasukuma madawati ukutani, sakafu ni ya simiti na imechimbika. Ngoma hatuna, tunapiga mitungi ya maji. Kuna mvulana hakuwahi kuzungumza kwangu muhula mzima. Siku ya isukuti mabega yake yakaanza kwenda, wenzake wakampisha katikati. Jioni nikafungua karatasi ya tathmini: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, chini ya matarajio. Matarajio gani? Nampima kwa mguu kushika mdundo, kwa kukumbuka hatua, au kwa kule kuthubutu kusimama? Hakuna mtu aliwahi kunifundisha. Nikaandika "kufikia" kwa sababu ni salama. Hiyo ndiyo kozi ninayoitaka, na Gredi ya 10 wanaoingia mkondo wa Sanaa na Michezo watataka walimu wanaojua jibu.

Shemeji wa Shinyalu
Karani, umeridhika?

Karani_254
Vipindi ni vitano, kweli. Mke wangu anafundisha hilo somo. Nimenyamaza, ila la viza nimelishikilia.

Mkufunzi Mstaafu
Mwalimu, hilo swali la huyo mvulana ndilo uanzie barua yako ya TSC. Na waandikie chuo leo uulize kama kiangazi cha kwanza kinaweza kusogezwa mwaka ujao, na kama masomo ya mtandaoni unaweza kutangulia nayo.

MwalimuWaKayole
Na wakikataa kusogeza, zile pesa nilizotuma?

Mama Tabby
Soma masharti ya kurudishiwa kwenye barua ya nafasi uliyopewa. Usitume nyingine kabla. Ukiandika rasimu ya TSC nitumie faraghani, nitaipitia bila malipo.

MwalimuWaKayole
Chuo nimewaandikia sasa hivi. Ya TSC nitaileta kwako Jumapili, lakini bado nasema mwanagenzi angeweza.

Otis_K
Ploti za Joska bado zipo.