Naomba ushauri: samaki mkubwa akishafika ubavuni mwa boti, anatulizwaje bila mtu kuumia?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na mwenzangu tunavua kwa mshipi wa kukokota katika boti ya faiba yenye urefu wa mita 6 hivi. Kwa miaka miwili tumezoea samaki wa kilo 5 hadi 10, ambao mtu humwinua kwa mkono mmoja na kazi ikaisha. Wiki iliyopita tulinasa jodari ambaye baadaye mizani ilisoma kilo 43. Alipofika ubavuni nilimtia kulabu, yaani ndoano kubwa yenye mpini, karibu na mkia, kwa sababu ndiyo sehemu iliyokuwa karibu nami, tukamvuta ndani kwa pupa.

Alipogusa sakafu alianza kupiga mkia kwa kasi kiasi kwamba mkia wenyewe hatukuuona, tulisikia mlio tu. Alivunja ndoo, akapindua sanduku la vifaa, na chambo bandia kilichokuwa bado kinaning'inia mdomoni mwake, chenye ndoano ya miiba mitatu, kikamnasa mwenzangu kwenye shavu la mguu. Kwa muda ule mwenzangu na jodari walikuwa wamefungwa pamoja, na kila samaki alipojirusha mwenzangu alivutwa naye. Mimi nilikuwa nampiga kwa kasia ovyo ovyo, na mapigo mengi yaliishia sakafuni.

Ninaomba kujua: samaki wa namna hii apigwe wapi na kwa kitu gani? Atulizwe akiwa bado majini au baada ya kupandishwa? Na je, ni kweli kwamba ukimmiminia pombe kali kwenye matamvua anakufa papo hapo? Naomba kuwasilisha.

Mkaa Tezi

Mkuu, poleni sana. Kosa halikuanzia kwenye kasia, lilianzia pale ulipoweka kulabu. Mkia ndio injini ya samaki, na ukimshika huko unamwachia kichwa akielekeze anakotaka. Kulabu iingie kichwani au begani, nyuma kidogo ya matamvua, kwa mvuto mmoja thabiti wa kuelekea kwako, wala si kwa kumrushia kama mtu anayelima kwa jembe. Ukikosa, itoe majini utulie, kwa sababu anayepapasapapasa kwa kulabu mara nyingi hukata mshipi badala ya kumshika samaki.

Jambo la pili ni subira. Jodari aliyechoka huzunguka chini ya boti kwa miduara inayopungua, na kila duara humleta juu zaidi. Msimwinue kichwa nje ya maji kabla ya wakati wake, kwani akihisi hewa hupata nguvu mpya. Injini iendelee kusukuma boti mbele polepole sana ili samaki alale sambamba na ubavu asipite chini kwenye pangaboi. Akigeuka ubavu na mkia ukapiga kwa ulegevu, hapo yuko tayari. Mwenye mshipi asiuzungushe mkononi hata mara moja, hata akiwa na glavu, na mshipi ulioshavutwa uingie ndani ya ndoo au kapu, usitapakae miguuni. Samaki akizama ghafla, mguu ulio ndani ya kitanzi cha mshipi unakwenda naye.

Akishashikwa kwa kulabu ya kwanza, mtu wa pili atie kitanzi cha kamba kwenye shina la mkia na kukikaza. Sasa mmemshika pande zote mbili, na hapo ndipo anapotulizwa, akiwa bado ubavuni.

Mzee wa Rungu

Naunga mkono hoja ya kumtuliza ubavuni, lakini nieleze upigaji wenyewe, maana wengi huupuuza. Rungu liwe la mti mgumu, fupi kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, zito upande wa kichwa, na liwe na kitanzi cha kifundo cha mkono. Kasia halifai, kwa kuwa ni refu na litampiga mwenzako kabla ya samaki. Pigo liangukie utosini, juu na nyuma kidogo ya macho, mahali ubongo ulipo. Puani huumiza tu bila kuua, na mgongoni huharibu nyama. Mapigo mawili au matatu yaliyolengwa yanashinda ishirini ya hasira.

Ikiwa hali imelazimisha samaki aingie ndani akiwa hai, mfunike macho kwa gunia au taulo lililolowa. Utashangaa jinsi anavyopoa giza linapomwingia. Kaa upande wa mgongo wake, usikae kamwe upande wa mkia, na usimpande kifuani kama mtu anayeshindana mieleka, hasa ikiwa chambo bado kimo mdomoni. Utajua amezimia kweli pale jicho linapoacha kufuata mwendo, taya linapolegea na mwili unapotetemeka kidogo kisha ukatulia. Jicho likiendelea kuzunguka unapomgeuza, rudia.

Kuhusu pombe kwenye matamvua, wapo wanaofanya hivyo, lakini mimi siiamini. Anayemmiminia analazimika kuweka mkono karibu na mdomo wa samaki ambaye bado hajatulia, na hilo peke yake linatosha kuikataa.

Mnunuzi wa Jodari

Nitasema kwa upande wa nyama, ambao hauko mbali na usalama wenu. Kwa jodari napendekeza msumari mrefu wenye mpini kuliko rungu. Ukimtazama utosini, katikati ya macho na nyuma kidogo, utaona doa lililopauka. Chini ya doa hilo mfupa ni mwembamba na ubongo hauko mbali. Ukichoma hapo kwa usahihi, samaki hushtuka mara moja, mdomo hufunguka, mapezi husimama, halafu kila kitu hulegea. Sharti ni kwamba kichwa kiwe kimeshikwa imara, kwa sababu msumari mkononi huku samaki anarukaruka ni hatari kuliko samaki mwenyewe.

Mtoeni damu mara moja, maana moyo huendelea kupiga kwa muda baada ya ubongo kufa na husaidia kuisukuma nje. Kateni kwa kina cha sentimita chache nyuma ya shina la pezi la ubavuni, umbali wa vidole vitatu hivi kutoka hapo, pande zote mbili. Mwili wa jodari una joto kuliko maji aliyotoka, na mapambano marefu huliongeza, ndiyo maana aliyepigana sana na kupapatika sakafuni hutoka na nyama iliyopauka yenye ladha ya uchachu. Mlazeni kwenye godoro la sponji, kisha mwingizeni katika barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, inayomzunguka pande zote. Akiachwa juani, bakteria hutengeneza histamini ambayo hata kupika hakuiondoi, na mlaji huishia kuwashwa, kuwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa.

Mleta mada

Nashukuru sana wakuu. Kumbe nilikosea tangu mwanzo. Je, utaratibu huu unafaa pia kwa papa na sulisuli?

Mkaa Tezi

Papa asiingie kabisa katika boti ya mita 6. Anaweza kuonekana amekufa kwa muda mrefu kisha akauma, na hujipinda hadi kuufikia mkono ulioshika mkia wake. Kateni waya karibu na ndoano kadiri mwezavyo mkiwa mbali na mdomo, aende zake. Sulisuli hatari yake ni upanga, yaani pua yake ndefu yenye ncha, kwani huweza kuruka kuelekea botini katika dakika ya mwisho, kwa hiyo asiye na kazi asisimame kwenye mstari wa mshipi. Kama mnamwachia, boti iende polepole, mmoja amshike upanga karibu na shina kwa glavu nene, kichwa kikiwa majini, hadi apate nguvu za kujiondokea. Nguru naye asidharauliwe kwa wembamba wake, maana meno yake hukata hata akiwa ameshakufa katika sanduku.

Mhudumu wa Afya

Naona kila mtu amezungumzia samaki, na mguu wa mwenzako umesahauliwa. Jambo la kwanza pale lilikuwa kukata kiungo kati ya ndoano na chambo, ili mtu na samaki watengane, na hilo linahitaji koleo la kukatia waya lililofungwa kwa kamba mahali ambapo wote wawili mnalifikia, si ndani ya sanduku ambalo samaki amelipindua. Ndoano iliyozama hadi kupitisha kijino chake kinachoelekea nyuma, au iliyo karibu na jicho, kiungo au mshipa wa damu, msiing'oe baharini. Ifungeni isicheze mrudi nchi kavu. Na kama mwenzako hajachanjwa pepopunda miaka ya karibuni, aende kituo cha afya leo, hata kama kidonda kimeanza kufunga.

Mleta mada

Hajachanjwa. Tunakwenda sasa hivi.