Naomba ushauri: kuvuka barabara katikati ya mji kumetushinda

Wakuu, barabara ya mbele ya kazini kwetu ina njia nne, na mistari ya pundamilia imefutika kabisa. Juzi mama mmoja alikwama katikati, mtoto mgongoni, magari yanampita mbele na nyuma. Baiskeli ndiyo usiseme, njia yake imegeuzwa maegesho.

Tunataka kuwaandikia manispaa. Mimi naona tuombe mwendo ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa, kivuko kiinuliwe kama tuta, na kiwepo kisiwa cha kusubiria katikati. Mwenzangu kang'ang'ania taa tu (taa zenyewe umeme ukikatika!).

Waliofanikiwa mlianzia wapi? Tuhesabu kwanza wanaovuka, au picha zinatosha? Na kituo cha basi kinachoziba kivuko, kihamishiwe mbele au nyuma yake?