Nisaidieni kuchagua vipuri vya gobori la kisasa la kuwindia masafa marefu

MkaziWaOhio

Wakuu, habari za majukumu. Ninaishi Ohio, Marekani, ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa gobori hufunguliwa Januari, na nimeamua kumpa fundi kazi ya kuniundia bunduki moja itakayonifaa kwa miaka mingi. Sizungumzii gobori la kienyeji tunalolijua nyumbani, bali bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, yenye mtambo wa boliti wa mfano wa Remington 700, mtutu wa kaliba .45, na darubini juu yake. Nataka niweze kumwangusha kulungu aliye yadi 300 pasipo kumjeruhi tu akapotelea msituni. Fundi ananitaka nimtajie mzunguko wa mifereji ya mtutu (urefu ambao mifereji ya ndani inayoizungusha risasi humaliza mzunguko mmoja), aina ya kizibo cha nyuma kinachoziba mwisho wa mtutu, na baruti nitakayotumia, nami kila muuzaji ninayemuuliza anasifu bidhaa yake. Nianzie wapi, na fedha nyingi niziweke kwenye kipuri kipi? Tena natamani siku moja niipeleke Colorado kuwinda elki, aina ya kulungu mkubwa.

FundiMitutu

Ndugu yangu, anza na risasi, kwa sababu ndiyo itakayokuamulia mtutu. Watu wengi huagiza mtutu kwanza, kisha wakahangaika kutafuta risasi inayoukubali.

Risasi ndefu inahitaji kuzungushwa haraka zaidi ili isiyumbe hewani. Ipo kanuni ya zamani ya Mwingereza Greenhill, ya mwaka 1879, ambayo hadi leo inatoa makadirio mazuri: chukua kipenyo cha risasi kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha jibu kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa risasi. Kwa risasi ya kipenyo cha inchi 0.451 na urefu wa inchi 1.5, utapata mzunguko mmoja katika kila inchi 20 hivi; ikiwa urefu ni inchi 1.2, mzunguko mmoja kwa inchi 25 unatosha. Kumbuka kwamba risasi ya shaba tupu huwa ndefu kuliko yenye madini ya risasi ndani ingawa uzito ni uleule, kwa hiyo usimpe fundi uzito peke yake, mpe urefu. Jambo hili si geni: Joseph Whitworth alipotengeneza bunduki yake ya inchi .451 katika miaka ya 1850 alichagua mzunguko mmoja kwa inchi 20, ilhali Enfield ya jeshi la Uingereza wakati huo ilizunguka mara moja kwa inchi 78, na katika masafa marefu Whitworth iliiacha mbali sana.

Jambo la pili ni namna risasi inavyokaa ndani ya mtutu. Kivishio cha plastiki, yaani kikombe kinachoivika risasi iliyo nyembamba kuliko tundu la mtutu, kinafaa kwa uwindaji wa kawaida, lakini mtutu ukipata moto plastiki hulainika na shabaha hutawanyika. Kwa yadi 300 ningechagua risasi isiyo na kivishio, iliyopitishwa kwenye kalibu hadi ikalingana na tundu la mtutu wako, ikashuka kwa msukumo ule ule wa mkono kila unaposhindilia.

Fedha ziweke kwenye mtutu na kizibo cha nyuma. Kizibo ndicho kinachobeba kitundu cha kupitishia moto, ambacho upana wake haufiki hata milimita moja, na kila mlio hukila kidogo. Kikishapanuka, shinikizo hubadilika, moshi hurudi kwenye mtambo, na kasi ya risasi haiwi sawa tena. Mwombe fundi kizibo chenye kipande cha kitundu kinachoweza kubadilishwa, ili usilazimike kununua kizibo kizima. Muulize pia kama kinatumia fataki (kidude kidogo cha kuwashia baruti) ya shotigani namba 209 au fataki kubwa ya bunduki, kwani baadhi ya baruti, kama Blackhorn 209, zimetengenezwa kwa fataki hiyo ya kwanza.

Nasisitiza hili kwa nguvu zangu zote: baruti isiyotoa moshi isiingie kamwe katika mtutu ambao mtengenezaji hakuuidhinisha kwa maandishi. Mitutu hupasuka, na anayeumia ni aliyeishika. Kipimo cha baruti nacho kitoke kwa mtengenezaji wa bunduki, kisitoke kwa mtu wa mtandaoni, nikiwemo mimi.

Mama Mwindaji

Kaka, kabla hujalipa chochote soma kanuni za Colorado. Katika msimu wao wa gobori darubini hairuhusiwi, vivishio vya plastiki haviruhusiwi, baruti ya vidonge na ile isiyotoa moshi haziruhusiwi, na elki anahitaji kaliba isiyopungua .50. Bunduki unayoieleza inafaa Ohio, lakini katika msimu ule haitakubalika.

Vilevile, gobori lililojengwa juu ya mtambo wa bunduki ya kawaida halihesabiwi kuwa silaha ya kale katika sheria ya shirikisho, hata kama linashindiliwa kwa mdomo. Mtambo huo utaupata kwa muuzaji mwenye leseni, na utajaza fomu 4473, ya shirikisho ya kununulia silaha, na rekodi zako zitakaguliwa. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa; aliye hapa kwa viza ya muda amekatazwa isipokuwa atimize masharti maalumu, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji.

MkaziWaOhio

Nawashukuru sana, nami nina kadi ya kijani. Basi hii itakuwa ya Ohio tu, na Colorado nitaitafutia nyingine ya .50 yenye vilengeo vya chuma. Na darubini je?

FundiMitutu

Chagua yenye gurudumu la kurekebisha kimo linalorudi palepale kila unapolizungusha, na uwe na kipima umbali cha leza. Risasi inayotoka kwa kasi ya futi 2,000 kwa sekunde, ikiwa imelengeshwa kwa yadi 100, itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita ifikapo yadi 300, hivyo kukosea umbali kwa yadi 25 tu kunaweza kumvunja mnyama mguu. Safari hiyo huchukua kama nusu sekunde, muda unaomtosha kulungu kupiga hatua, kwa hiyo nisingefyatua kwa mnyama anayetembea. Upepo utakusumbua kuliko kimo, na hapo hakuna kipuri cha kununua; pigia shabaha za karatasi kwa yadi 200 na 300 siku zenye upepo, ukishindilia kutoka kwenye mtutu baridi kama utakavyokuwa porini. Ufito wa kushindilia nao utie alama mbili, ya mtutu mtupu na ya mtutu uliojazwa, ili usije ukashindilia mara mbili.